Kiwiko cha Kushoto

Baba alipozikwa, dada yangu mkubwa alilia kwa niaba ya ukoo mzima. Mimi nilisimama kando yake, macho makavu, nikiwaza kama nimezima jiko. Shangazi akasema nina roho ngumu. Dada hakumpinga, na tangu siku hiyo ananitazama kwa jicho la pembeni. Sikukasirika. Siku hizi sikasiriki wala sifurahi, na chakula nakila kwa sababu kipo mezani. Kama kuna kilichonitisha kidogo, ni wazo kwamba huenda wanasema kweli, huenda sikumpenda.

Daktari alisema nitembee, labda usingizi utarudi. Basi dada akanikokota hadi ukumbi wa mazoezi ulio ghorofani, juu ya duka la vioo, akanikabidhi kwa kocha, akashuka kungoja chini.

Kocha yule hana wimbo mwingine ila mikono. Ukipanda tu mashine ya kutembelea anaanza: usining'inie kwenye vishikio, hiyo siyo mikongojo, kunja viwiko, viwe karibu na mbavu, ngumi zilegee, mikono iende mbele na nyuma, isikatize kifuani kama mtu anayefukuza nzi.

Mkono wa kulia ulitii. Wa kushoto ulibaki umekunjwa, kiwiko kimetoka nje, umekakamaa. Kocha akaurekebisha, alipogeuka, ukarudi vilevile. Akauliza kama uliwahi kuvunjika. Nikasema hapana. Akasema nikiendelea hivyo bega litaniuma. Nikasema sawa. Ningesema sawa hata angeniambia jengo linaungua.

Lakini yule si mtu wa kushindwa na mkono. Akaja upande wa kushoto wa mashine, akapitisha kiganja chake ndani ya kiwiko changu ili auendeshe mkono mwenyewe.

Hapo miguu yangu ikapunguza mwendo. Sikuiambia. Hatua zikawa fupi, za kuburuta, na mdomo wangu ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Taratibu, Baba. Kuna ngazi."

Mkanda wa mashine haukunisubiri. Ulinirudisha kinyumenyume, kocha akavuta kamba nyekundu ya kuzimia mashine, nikasimama nimemshikilia bega. Watu waligeuka kutazama, kisha wakaendelea na yao. Kocha hakucheka.

"Nani alikuwa anashika hapa?"

"Baba yangu. Alikuwa haoni."

Mengine nilimweleza kama mtu anayesoma tangazo: kwamba dada aliolewa mbali, kwamba mimi ndiye niliyekuwa macho ya Baba, kliniki, kwa kinyozi, hadi mlangoni pa choo, na kwamba hakupenda kushikwa, yeye ndiye aliyeshika. Kocha akasema basi, leo tuiache mikono. Nikakataa, nikamwambia awashe mashine. Mkono wa kushoto nikauachia. Ukaenda mbele, ukarudi nyuma, mwepesi, hauna mtu. Kocha akasema vizuri sana. Sikuhisi kitu.

Nilipotoka, dada alikuwa anapanda kuja kunichukua, anahema, viatu vya visigino mkononi. Alinikuta nimesimama juu ya ngazi, kiwiko kimetoka tena. Nilikuwa sijakiona mpaka nilipomwona yeye anakitazama. Kila alipokuja kutusalimu alituona tukishuka hivyo, mimi na Baba, naye akitangulia kufungua mlango.

Alikuja upande wangu wa kushoto, akapitisha mkono wake pale pale.

"Kuna ngazi," nikamwambia.

"Usinikimbize," akajibu. Ndivyo Baba alivyokuwa akijibu kila mara.

Tukashuka kwa hatua za Baba. Dada aliniegemea kwa uzito wake wote, na kabla hatujafika chini mkono ukaanza kuniuma, kisha bega, kisha kila mahali.