Shaba Mgongoni mwa Mashini

Mchana ule mujukuu wangu Keren alikuwa anangojewa mu mashini, ile kompyuta yake ya kubeba. Wakubwa wa ofisi moja ya kuchora nyumba, kule Kinshasa, walipaswa kumuona usoni na kumuuliza maswali, ndipo wampe stage, nafasi ya kujifunza kazi kwao. Alikuwa ameomba huku na kule, hao peke yao ndio walimjibu. Na sasa saa inakaribia, rezo ya mtandao hakuna.

Alibeba mashini toka mezani mpaka dirishani, toka dirishani mpaka mlangoni. Juu alivaa blauzi nyeupe niliyompigia pasi, chini kaptula ya kulalia. Akaniita mimi bibi yake:

"Kambo, telefone yangu inashika muzuri! Juu ya nini hii inakatala?"

"Jana ilikuwa inashika?"

"Jana, ndiyo."

Jana hiyo ndiyo alimaliza kuipamba. Mgongo wa mashini ulikuwa na mikwaruzo, na jina la kampuni ya mwenyewe wa kwanza, lisilofutika. Keren alinunua bati jembamba la shaba, kama lile wanalogonga mafundi wa picha hapa kwetu. Alililaza juu ya blanketi, akachora kwa nyuma na biki iliyoisha wino: korongo wawili, matete, maji. Kona alizikunja na kijiko. Akabandika na kole ya washona viatu. Iling'aa, hata mimi nilikuwa naipitishia kidole. Nilimwambia tu, "Lakini hao bantu bataona sura yako, habataona mugongo ya mashini." Akacheka.

Sasa hakucheka. Alimwita kwa simu Merdi, rafiki yake anayetengeneza mashini, akapandisha sauti nisikie.

"Weye Keren! Antene iko mu kifuniko. Umeifunga na shaba, rezo itapita wapi? Toa ile kintu!"

"Kole imekauka. Na kioo ya ekran iko nyuma yake!"

"Pashako moto na sesuar ya nywele, pitisha uzi pole pole. Ukilazimisha, ekran inapasuka."

Kuzungumza na wakubwa wa Kinshasa kwa telefone haikufaa, michoro yote ya kuwaonyesha ilikuwa mu mashini.

Nikaleta uzi mgumu wa kushonea magodoro. Mimi nilishika sesuar ikipuliza moto, nikimwomba Mungu umeme usikatike. Yeye alivuta uzi kushoto, kulia, kama anayekata sabuni.

"Kambo, utanichoma vidole."

"Vumilia. Vuta."

Kona ya kwanza ikaachia. Katikati uzi ukakwama, tukasikia: tak. Tukaangaliana. Akaendelea, amejiuma mdomo, mpaka bati likatoka lote, korongo mmoja amepasuka shingo.

Akafunua mashini. Ufa mwembamba ulikuwa umeshuka kwenye kona ya ekran. Akaugusa. Kabla hajalia, alama ya rezo ikawaka, akabonyeza, na sauti ya mwanaume wa ile ofisi ikaita, "Mademoiselle Keren?"

"Oui, monsieur."

Sikuthubutu kutembea. Nilikaa palepale, nyuma ya mashini, pahali wasiponiona, bati magotini. Kila nikisogea kidogo, shaba inalia. Nikaikumbatia kifuani, kole, bado laini kwa ule moto, ikashika kwenye kikwembe nilichojifunga. Keren alieleza ngazi, madirisha, mahali upepo utaingilia. Akamaliza, akainamia ekran. Yule mwanaume hakusikika. Nikafikiri rezo imekatika.

Kisha sauti ikamwambia, kwa Kifaransa, aonyeshe mchoro unaofuata.

Nilishusha pumzi. Bati sikulishusha.