Nyungunyungu wa Bi Badria

Jumamosi asubuhi Bi Badria alikuwa amekalia mbuzi ya kukunia nazi, uani kwake Mkunazini, anatoboa ndoo za rangi kwa msumari wa moto. Msumari aliuchomeka kwenye makaa, akaushika kwa koleo, akaukandamiza kwenye kitako cha ndoo, na plastiki ikalia chwii na kutoa moshi wa kukohoza. Ndoo aliziokota nyuma ya nyumba ya wageni iliyokuwa ikipakwa rangi upya. Zilikuwa bado zina michirizi ya rangi ya samli.

Jirani yake Ummukulthum alichungulia mlangoni, pua kaiziba kwa mtandio.

"Hodi. Unapika ndoo, shoga?"

"Karibu. Nnawajengea nyungunyungu nyumba."

"Aa. Ya ghorofa?"

"Ya ghorofa."

Ummukulthum akavuta kigoda akakaa, maana nyumba ya ghorofa haijengwi kila siku.

Ndoo ya chini haikutobolewa. Hiyo ni ya kupokea maji yanayochuruzika, na Bi Badria aliitia koki ya chujio la maji lililovunjika. Ndoo mbili za juu zilitobolewa vitako, ili wakimaliza chakula cha chini wapande juu wenyewe. Karibu na midomo yake zilitobolewa matundu ya hewa, na juu ya matundu akashona vipande vya chandarua kikuukuu ili nzi wasiingie. Ndani akatandika maboksi ya tambi yaliyochanwachanwa, trei za mayai na makumbi ya nazi, vyote vimerowekwa vikakamuliwa mpaka vikawa na unyevu wa kanga iliyoanikwa kivulini.

"Na wao watalipa kodi gani?" Ummukulthum akauliza.

"Udongo."

Bi Badria alikuwa akiuza urojo barazani, na maganda ya viazi na mihogo hayakumpungukia. Alichopungukiwa ni udongo. Au tuseme alipungukiwa na mahali pa kuuweka, lakini yeye aliamua kuanza na udongo. Baba yao alikufa akaacha shamba la Dunga, na warithi wawili tu: yeye na kaka yake Muhiddin. Mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Hata watoto wa chuo cha Kurani wanalijua hilo kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati. Lakini Muhiddin, aliyekaa ghorofani katika nyumba hiyohiyo, alikuwa hajagawa. Akiulizwa husema masika yapite kwanza. Masika yakipita, husema basi na vuli. Mashelisheli, mafenesi na ndizi za Dunga aliziangua peke yake, akaziuza kwenye mahoteli ya Kiwengwa.

Fungu lake Bi Badria alikuwa keshalichagua moyoni: ile pembe ya kisimani, yenye mawe mengi na udongo haba. Hakutaka ugomvi wa pazuri.

"Siku atakayonigaia," alisema, "anikute nshajiandaa."

Nyungunyungu walitoka Fuoni kwa Nassra, mfuga ng'ombe, wekundu wa samadini, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Siku ya kwanza Bi Badria aliwapa takataka zote za urojo kama zilivyo, na ndimu zake na pilipili zake. Asubuhi hakukuwa na nyungunyungu hata mmoja ndani ya ndoo. Wengine walikuwa wameparamia ukuta, na wengine walionekana ndani ya viatu vya wifi yake Tahiya, mke wa Muhiddin, alivyoviacha kwenye ngazi.

"Wifi!" Tahiya akaita. "Watu wako wamo viatuni mwangu!"

"Wanakimbia ndimu, wifi. Wasamehe."

Akawaokota, akaacha ndimu na pilipili, akawapa maganda ya viazi. Wakatulia. Tangu hapo walikula wakashiba, na ndoo ikanuka vizuri, kama ardhi inavyonuka mvua inapoanza.

Kisha Tahiya akatupa kichane cha ndizi za Dunga zilizoanza kulegea, pamoja na maganda ya shelisheli. Bi Badria akaviokota akavitia ndooni. Nyungunyungu hawakuvila. Walivisukuma vyote pembeni, kama mtoto anavyosukuma vitunguu ukingoni mwa sahani, wakaendelea na viazi. Tena ndizi zile hazikuoza. Ghorofani, ndizi za mkungu uleule zilikuwa nyeusi na zinatoa maji. Za ndooni zilibaki vilevile zilivyotupwa, na maganda ya shelisheli yalikuwa bado yanatoa utomvu.

Mtaa ukataka kujua zaidi. Fathiya wa nyumba ya pili akaleta ukoko wa chungu chake; ukaliwa. Mwenye duka akaleta kabeji, ikaliwa yote ila jani moja la nje, naye akalitazama jani, akakumbuka kwamba si lake, akaondoka nalo. Ummukulthum akaleta boga. Asubuhi walilikuta limeliwa nusu, na mahali palipokatika pamenyooka kama pamepigwa kamba na fundi.

"Mmh," akasema Ummukulthum. "Mmea wenyewe ulipanda ukuta. Boga likakaa huku nusu na kwa Fathiya nusu."

"Na hukunambia," Fathiya akasema.

"Nnakwambia sasa. Kwani hukusikia?"

Nusu ile wakaipika wakaila pamoja, na hapakuwa na maneno.

Basi Bi Badria akamwita Shekhe Silima, aliyekuwa akisomesha msikiti wa mtaani, na akamwita na kaka yake.

"Shikamoo, Shekhe."

"Marahaba. Wako wapi hao mafakihi wako wa sheria?"

Shekhe akavaa miwani, akainama juu ya ndoo. Akazigeuza ndizi kwa kijiti. Akaelezwa habari ya boga.

"La boga wamehukumu sawa," akasema. "Na hizi ndizi hawazili kwa sababu hazijagawiwa. Kila ndizi ina ya Muhiddin ndani yake, na ina ya Badria. Nyungunyungu hana kisu, atafanyaje? Anaacha."

Muhiddin alikuwa amesimama na msuli wake kiunoni na kikombe cha kahawa mkononi. Hakukasirika. Hakuwa mtu wa hasira.

"Ndivyo hasa," akasema. "Na mie sijakataa. Fungu lake lipo."

"Lipo wapi, kaka?"

"Lipo Dunga. Litakwenda wapi?"

Akanyoosha mkono, akachukua ndizi moja ndooni, akaipangusa kwa msuli.

"Hii ya lini?"

"Ya kabla ya Maulidi."

Akaimenya. Akala. "Haijazidi kulegea hata kidogo."

"Haiozi," akasema Bi Badria. "Si ndiyo hayo tunayoyasema hapa."

Muhiddin akatafuna polepole, macho yakiwa kwenye ndoo. Wiki hiyo umeme ulikuwa unakatika kila adhuhuri, na mafriji ya mtaa mzima yalikuwa yanalia maji.

Kesho yake Tahiya akashuka na fenesi. "Wifi, kaka yako kasema uliweke na wale watu wako. Usilikate."

Keshokutwa yakashuka mashelisheli. Kisha Muhiddin mwenyewe akaja na ndoo nyingine za rangi, akakaa chini akazitoboa kwa msumari wa moto vizuri kuliko dada yake, maana alishamtazama kutoka dirishani. Nyungunyungu wakazaana wakatosha ndoo zote. Uani pakajaa minara, na Bi Badria akahamia barazani na jiko lake, akawa huko ndiko anakochemshia viazi. Matunda ya Dunga yalifika Kiwengwa kama yameanguliwa alfajiri ileile, na mahoteli yakawa hayataki ya mtu mwingine.

Bi Badria akapanda ngazi.

"Kaka, nnataka fungu langu. Pembe ya kisimani tu."

"Dada yangu, nimeliwaza sana jambo lako." Na kweli alikuwa ameliwaza. "Nikikugaia leo, kesho si nyungunyungu wataanza kuvila? Fenesi litakuwa la mtu mmoja, halali yake, watalishambulia. Vitaoza vyote, na watu wa Kiwengwa wananingoja. Ungenishika kabla hatujajua, ningekugaia."

"Nilikushika kabla hatujajua."

"Basi hukukaza."

Shekhe Silima alipoulizwa tena alisema jambo limeingia upande wa pili, linahitaji kutazamwa kwa utulivu. Alikuwa anakula fenesi wakati huo, na lilikuwa tamu, limekaa ndooni tangu mwezi uliopita.

Nyungunyungu hawakuwa na upande. Walikula maganda ya viazi vya Bi Badria, ambavyo alivinunua Darajani kwa jasho lake, wakayageuza udongo mweusi, laini, wa kushikika kama unga wa mkate wa mofa. Akaujaza kwenye magunia ya mchele, akayapanga chini ya ngazi. Waliokwenda ghorofani walipita ubavu ubavu.

"Udongo wote huu unaungojea nini?" Muhiddin akauliza siku moja.

"Unangojea pembe ya kisimani."

"Pembe ya kisimani iko shambani, na gari yangu inakwenda shambani. Si ndivyo ulivyotaka, udongo ufike Dunga?"

Akaleta pikapu mpaka mahali ambapo kichochoro kinaruhusu gari. Wapagazi wakabeba magunia. Bi Badria akavaa baibui, akafunga mlango wa uani, akatoka na kijembe cha mkono ndani ya kikapu. Hakuwahi kufika Dunga tangu hitima ya baba yao.

"Nnakuja na mie," akasema. "Nikauweke mwenyewe."

Muhiddin akatazama nyuma ya pikapu, akatazama na kiti cha mbele, kilichokuwa kimebeba magunia mawili yamefungwa mkanda.

"Gari imejaa, dada. Umetengeneza udongo mwingi mno."

Ummukulthum, aliyekuwa mlangoni kwake, akasema, "Teremsha gunia moja umpandishe mtu, Muhiddin."

Muhiddin akaona ni maneno ya haki. Akateremsha gunia moja la kiti cha mbele, akaliegemeza kwenye baraza. Kisha akampandisha Shekhe Silima, ambaye alikuwa anakwenda Dunga kulitazama jambo lile kwa utulivu.

Pikapu ikaondoka. Bi Badria akaweka kikapu chini. Akaligusa gunia, likabonyea likarudi. Akalikalia kwa uzito wake wote.

"Vipi, shoga?" Ummukulthum akauliza. "Linakutosha?"

"Limekaa vizuri," akasema Bi Badria. Akamwomba ampe kisu, na beseni la viazi.