Kiatu cha Verna

Nimewahi kukionea wivu kiatu. Najua inachekesha, mtu mzima mwenye wajukuu, lakini kiatu chenyewe kimo nyumbani kwangu, gereji, ndani ya boksi moja na ratiba za zamani za mashindano, na si changu. Ni chekundu, cha mguu wa kushoto, kidogo cha kuudhi. Mguu wangu hauingii hata nusu. Nimejaribu.

Mwenyewe aliitwa Verna, mke wa kwanza wa mume wangu Delbert. Alifariki miaka miwili kabla sijamjua Del, kwa hiyo hakunikosea chochote. Hilo nimejiambia mara nyingi, na halijanisaidia.

Kisa cha kiatu wanakijua karibu mashabiki wote wa vikosi vya ngoma na tarumbeta, vile vya vijana vinavyoshindana kupiga na kuandamana uwanjani, huku kwetu kusini mwa Wisconsin. Sisi ndivyo tunavyojuana. Mtu akikaa karibu nawe jukwaani haulizi kazi yako wala kanisa lako, anauliza, "Yako ulipata lini?" Nawe unataja mwaka, mji na safu uliyokaa, kisha unasimulia siku ambayo kikosi kilikutoa machozi. Ya Del ni mwaka 1979, mji wa Monroe, safu ya thelathini na moja. Vijana wa kikosi cha Walinzi wa Ziwa walikuwa katikati ya onyesho mvua ilipowamwagikia. Majaji wakaficha karatasi zao ndani ya makoti. Upepo ukawavua vijana kofia, vishungi vya manyoya vikawa vinabingirika kwenye nyasi, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Wakaendelea kupiga na kupiga hatua, maji yakichuruzika kutoka kwenye tarumbeta. Verna, ambaye Del alikuwa amemjua wiki tatu tu, akapanda juu ya benchi akilia. Kiatu kikamvuka, kikapenya kati ya mbao, kikaangukia chini ya jukwaa. Del alitambaa kwenye matope nusu saa asikione; kilichomo gereji ni mwenzake. Basi akambeba mgongoni mpaka kwenye gari, na Oktoba wakafunga ndoa.

Haya, shindana na hiyo.

Mimi nimeshindana. Viangazi kumi na tisa nimekaa naye kwenye mabenchi ya chuma yanayounguza mapaja, nikala soseji za kuchoma na jibini ya kukaanga, nikajifunza kutambua mpiga ngoma aliyechelewa nusu pigo. Kikosi kinapoinua tarumbeta kwa pigo kuu, wenzangu wote hutazama uwanjani. Mimi hutazama uso wa Del. Atasimama, atapiga makofi, machozi yatamlengalenga, kisha atakaa na kusema, "Safi sana. Lakini Monroe..." Haongezi neno. Hiyo "lakini" nimeichukia kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu.

Na nyuma yetu, kila mwaka, hukaa Lois, mdogo wake Verna. Tiketi zetu zimekuwa zikiagizwa pamoja tangu enzi za marehemu, kwa hiyo mimi nilirithi kiti pamoja na shemeji asiye wangu. Lois hana ubaya, huleta biskuti za kutosha watu sita. Ila Del anaposimulia Monroe, yeye huinama mbele na kuongezea jinsi dada yake alivyokuwa akicheka, na hapo katikati yao mimi huwa kama mtu aliyepita wenyewe wakisalimiana.

Tangu Pasaka mwaka huu Del alikuwa ameanza kupotea. Funguo za gari alizihifadhi kwenye friji. Aliuliza kwa nini kaka yake hapigi simu, na kaka yake tulimzika miaka sita iliyopita. Daktari alishatutajia jina la ugonjwa. Lois sikumwambia, wala sikumwambia mtu kwamba nilichotaka ni kitu kimoja tu: kabla kichwa cha mume wangu hakijafutika, nipate humo siku moja iliyo yangu.

Basi Julai tukaenda tena, safu yetu ileile. Mbele yetu walikaa vijana wawili, mtu na mchumba wake, fulana mpya za kikosi bado zina mikunjo ya dukani. Ilikuwa mara yao ya kwanza. Sijui nani aliwafundisha, lakini baada ya kikosi cha pili kijana aligeuka akamuuliza mume wangu, "Mzee, yako ulipata lini?"

Nilimsikia Lois akiinama mbele. Mimi nikachukua bisi, kama kawaida yangu.

Del hakukosea kitu. Alitaja mwaka, mji, safu. Alitaja hata alama, themanini na saba nukta tatu tano, nafasi ya tatu. Mvua ikanyesha, vishungi vikabingirika. Kisha akaniwekea mkono gotini.

"Na huyu hapa," akasema, "Marlys wangu, si akapanda juu ya benchi. Namwambia mama, shuka, utavunjika. Wapi. Mara kiatu hicho, chini."

Binti, yule mchumba, akageuka kunitazama, kisha akatazama miguu yangu, maana ukubwa wake haujifichi. "Kweli, mama?"

Nilijua la kufanya. Ilikuwa nicheke kidogo, nimpapase mkono, niseme huyo alikuwa Verna, mpenzi. Jina lilishafika mdomoni. Nyuma yangu Lois alikuwa akilingoja. Lakini Del alikuwa ananitazama kwa yale macho ya Monroe, yenyewe, ambayo nilikuwa nimeyawinda kwa viangazi kumi na tisa.

"Kilikuwa chekundu," nikamwambia binti. "Cha mguu wa kulia."

Del akacheka mpaka akakohoa. "Na mzigo huu," akasema, "niliubeba mgongoni mpaka kwenye gari."

Lois akainuka. Nilisikia boksi la biskuti likianguka, kisha hatua zake zikipanda ngazi kwa haraka. Lakini kikosi cha tatu kilikuwa kimeshajipanga uwanjani na wahudumu walishafunga kamba. Kwetu kamba ikifungwa haingii mtu wala hatoki mtu mpaka kikosi kimalize, hata uwe umeshikwa na tumbo. Niligeuka mara moja nikamwona kule juu, amesimama mbele ya kamba, ameupa uwanja mgongo. Sikugeuka tena. Alikaa hapo dakika kumi na moja.

Wanasema kikosi kile kilipiga vizuri. Mimi nilikuwa nimeshikwa mkono. Del hakuniachia toka mwanzo hadi mwisho, na pigo kuu lilipokuja alinibana vidole vikauma. Watu waliposimama naye alisimama. Kisha akakaa, akasema, "Safi sana," nami nikaingoja ile "lakini".

Haikuja. Badala yake aliinama akakagua viatu vyangu.

"Afadhali leo umevaa vya kamba," akasema.

Hapo wivu ukanirudia, na ulikuwa mbaya kuliko wote wa nyuma. Mkono ule haukunishika mimi. Alikuwa amemshika msichana wa mwaka 1979, na sasa hata jina la kumchukia kwalo sikuwa nalo, kwa kuwa lilikuwa langu.

Kamba ilipofunguliwa nilidhani Lois ataondoka. Alirudi. Aliokota biskuti zake moja moja, akakaa, kisha akanisogezea mdomo sikioni ili Del asisikie.

"Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Kile kiatu bado mnacho?"

"Kipo."

"Basi nipe mimi, Marlys. Wewe cha nini? Dada yangu hana tena mahali pengine."

Wakati wowote katika miaka yote ile angeniomba hivyo, ningekifunga kwa utepe na kumpelekea mlangoni mwenyewe, usiku huohuo. Del alikuwa bado ameinama, anajaribu kunikaza kamba za viatu kwa vidole visivyokumbuka vizuri fundo.

"Siwezi," nikamwambia Lois. "Ataniuliza nilikiweka wapi."