Kaseti za Tonnerre Fleuve

Kanyere aliuza sabuni na chumvi karibu na soko kuu la Kisangani, lakini mali yake hasa ilikuwa ndani ya sanduku la bati: kaseti ishirini na tisa za Tonnerre Fleuve, bendi ya roki iliyovunjika kabla ya vita. Hazikuwa nyimbo za madukani. Yalikuwa mabaki ya studio: gita linakosea na kuanza upya, mwimbaji Wenceslas anawatukana wenzake, kisha anaimba vizuri kuliko alivyosikika kwenye santuri. Kwa miaka kumi na miwili alizinunua mojamoja kwa Bavon, fundi wa studio. Hakuruhusu mtu anakili hata moja.

Septemba 1999, jeshi lililoushika mji lilidai kaseti zote, zifutwe na kurekodiwa hotuba. Kamanda aliingia dukani mwenyewe, akasema hizo za Kanyere ni kelele za walevi tu.

"Commandant, Wenceslas alikufa na bombe yenu, mwezi wa nane," Kanyere alimjibu. "Alors, sasa munataka kuua na sauti yake?"

Kamanda alimpa siku mbili azilete.

Kanyere hakulia. Alimwita Bavon na redio zake za kaseti mbili, akawatangazia wateja kwamba anayetaka nakala aje na kaseti yoyote. Bavon alishangaa, maana hata yeye alikuwa amenyimwa. Watu wakaleta kwaya, wakaleta mahubiri. Stéphanie, muuza samaki wa kule kwenye maporomoko, alileta kaseti ya harusi yake, akasema bwana mwenyewe alishakimbia, warekodi juu yake. Nakala nyingine zilipanda mtumbwi kwenda Isangi, nyingine lori la Bafwasende.

Siku ya tatu kamanda alilichukua sanduku. Alipotoka nje, redio ya fundi cherehani ilikuwa ikimtolea matusi ya Wenceslas, na ya kinyozi ikaitikia. Kwa hasira akamfunga Kanyere siku tisa.

Alipotoka kifungoni, akiwa amekonda na hana kaseti hata moja, alikwenda moja kwa moja kwa Stéphanie kuomba nakala. Stéphanie aliweka redio mbili uani zikitazamana, moja icheze na nyingine irekodi, akabonyeza. Kanyere aliposikiliza, gita lilikuwa limefifia, na kuku walikuwa wanalia katikati ya wimbo. Moyo ulimuuma. Kisha akarudi na nakala hiyo dukani kwake, akaweka redio juu ya kaunta, mlango wazi, akapandisha sauti mpaka mwisho.