Mtaa wa Mwisho Kabla ya Bahari

Daktari wa watoto hakuzungusha maneno. Alisubiri mtoto apate usingizi, akavuta kiti karibu na kitanda, akawaambia baba na mama kwamba dawa zilizobaki ni za kutuliza tu. Kifua kile hakingepona katika mji unaosaga mawe. Wampeleke mahali penye hewa safi, pwani kama wanaweza.

"Akikaa hapa kiangazi kingine," alisema, "mimi sitawaahidi kitu."

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka sita, na nyumbani walimwita Kasuku kwa ajili ya mdomo wake. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea hata na viatu vyake. Ugonjwa ulipompanda ndipo aliponyamaza, na kimya hicho kilimtisha mama yake kuliko mluzi uliokuwa ukitoka kifuani. Sasa alikuwa amelala na barakoa ya oksijeni usoni, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu aliyepandisha mlima na mzigo.

Mji wao uliishi kwa kokoto. Baba alikuwa fundi wa mitambo ya kusaga mawe, na kila jioni alirudi kope zimegeuka nyeupe. Mama alikuwa msusi. Kila kichwa alichokiosha kilitoa maji ya kijivu. Walishajaribu mapazia mazito, walishaziba chini ya milango kwa matambara mabichi, walishahamia hadi upande wa pili wa mji. Vumbi liliwafuata kama limeitwa.

Wakakubaliana mama atangulie na watoto wote wawili, Kasuku na mdogo wake Bonge, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejua kukimbia na hakuwa na kazi nyingine. Baba asingepata ruhusa kazini, na kazi yenyewe hawakuweza kuiacha kabla hawajapata pa kujishikiza. Siku ya safari aliwapakia mizigo, akamshika mkewe bega.

"Nenda ukachague, mama watoto. Utakapopapenda wewe, na mimi nimepapenda."

Alisema kwa moyo mmoja, na wakati ule alimaanisha.

Mji wa kwanza haukuhitaji kufikiriwa. Palikuwa na hospitali kubwa, shule za kuchagua, na zaidi ya yote palikuwa na wifi yake, dada wa mumewe, aliyekwisha kuwaandalia chumba na kitanda na hata kumtafutia kiti katika saluni ya jirani. Aliwapokea kwa vigelegele. Watoto walilala na nguo za safari. Mama alifungua dirisha, akasikia mawimbi kwa mbali, na kwa mara ya kwanza tangu hospitalini akalala bila kutega sikio.

Kulipokucha akanusa moshi. Nyuma ya nyumba palikuwa na tanuri za kukaushia samaki, moja ya wifi, nyingine za majirani, mpaka mwisho wa mtaa. Moshi haukuwa mkali. Ulikuwa mwembamba, wa kuzoeleka, wenye harufu ya chakula. Lakini Kasuku, aliyekuwa akimsimulia shangazi yake habari za safari, alikatisha hadithi katikati ya neno. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Inhela, kile kipulizio chake cha dawa, haikumsaidia. Walimkimbiza hospitalini, mama akiwa hajavaa viatu, wifi akimfuata na Bonge mgongoni. Mtoto alipotulia, wifi alisimama kwenye korido akilia na kukasirika kwa pamoja. Moshi ule ndio uliowasomesha wanawe, alisema. Sasa afanye nini, azime moto? Mama akamwambia hapana, wifi yangu, usizime. Alikuwa hana la kumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza. Angekuwa na wa kumlaumu, angalau angepata pa kuweka hasira yake.

Alizunguka mji mzima na watoto wake. Mitaa ya mbali na tanuri ilikuwa kando ya barabara ya bandarini, malori yakinguruma kutwa. Katika mitaa mizuri yenye upepo, wenye nyumba walimtazama Bonge akipigapiga geti kwa kijiti, wakasema chumba kimeshachukuliwa. Mmoja alikuwa mkweli zaidi: alitaka wapangaji wasio na watoto, kwa sababu watoto huchora ukutani. Mama alicheka. Alicheka mpaka mwenye nyumba akamuuliza kama anaumwa.

Waliporudi hospitalini kuchukua dawa, muuguzi wa zamu aliona jinsi alivyokuwa amekaa, kichwa amekiegemeza ukutani, macho wazi. Akamwuliza shida yake, naye akamwaga yote. Muuguzi akamwambia kwamba mama yake mzazi anakaa mji mdogo mbele zaidi, ufuo huohuo. Hakuna bandari kule, hakuna kiwanda cha moshi, hakuna tanuri. Nyumba zinapatikana.

"Ila muulize mama kwa nini zinapatikana," alisema. "Hawezi kukuficha."

Basi wakaenda. Mama wa yule muuguzi alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyezalisha karibu kila mtu mtaani kwake na aliyewasalimia watu wazima kana kwamba bado yuko tayari kuwapiga makofi ya matako walie. Aliwapa watoto maji, akamwonyesha mama vyumba vya uani: kuta nyeupe, sakafu safi, madirisha yanayopitisha upepo kutoka upande hadi upande.

Kasuku aliuona ufuo. Kutoka ufuoni hadi shuleni palikuwa na mteremko wa mchanga mgumu, na watoto wa mtaa walikuwa wakishindana kuupanda. Kabla mama hajasema kitu, binti yake alikuwa kati yao. Alipanda mpaka juu, akashuka, akapanda tena. Mama alimwita kwa sauti ya hofu. Alimgeuza, akapandisha blauzi yake, akaweka sikio mgongoni. Alisikiliza sana. Hapakuwa na mluzi. Palikuwa na moyo wa mtoto unaodunda kwa sababu mtoto amekimbia, basi.

"Mama, unanitekenya," Kasuku alisema, na asinyamaze tena mpaka jioni.

Mama alikaa palepale mchangani akalia. Mkunga alimwacha amalize, halafu akamshika mkono, akampeleka mwisho wa mtaa. Mtaa haukuisha kama mitaa mingine inavyoisha. Ulikatika. Lami ilifika mahali ikameguka kama mkate, na chini yake palikuwa na maji. Mkunga alinyoosha kidole baharini, mahali pasipo na chochote, akasema pale palikuwa na duka la nguo, na pale nyumba ya ndugu yake, na pale mbele darasa la tatu na la nne. Bahari ilikuwa inakula mji. Watu walikuwa wanahama, ndiyo maana nyumba zinapatikana.

"Na yako?" mama aliuliza.

"Sitakudanganya, mwanangu. Labda miaka kumi. Labda mvua zijazo. Haijaniambia."

Wakakaa kwa majaribio. Kasuku alinenepa usoni. Alianza kwenda shuleni, kwenye chumba kimoja kilichobeba madarasa mawili, mwalimu mmoja akifundisha huku amegeuka upande huu, kisha amegeuka upande ule. Mama alisuka nywele barazani kwa mkunga, na wateja hawakukosekana. Kila asubuhi aliamka na kwenda kuutazama ule mkatiko wa lami, kama mtu anayekagua jeraha. Kila asubuhi alirudi akijiambia leo nitaamua.

Kilichomwamulia kilikuwa Bonge. Mchana mmoja alikuwa amebakiza misuko michache kichwani kwa mteja, akainua macho, na mtoto hayupo. Aliita. Alitazama uani, chooni, chini ya kitanda. Kisha miguu yake ikajua kabla ya akili, akakimbilia mwisho wa mtaa.

Bonge alikuwa amekaa ukingoni kabisa, miguu inaning'inia, anarusha vipande vya lami majini na kuvipigia makofi. Mama alisimama. Akimwita atageuka, akigeuka atateleza. Alilala kifudifudi, akajivuta kwa viwiko, akasikia lami ikiguna chini ya tumbo lake. Mkono wake ulipolifikia shati la mtoto alilinga'ng'ania kwa nguvu zote, na wote wawili wakarudi nyuma kwa kuburuzana. Bonge alilia kwa hasira kwamba amekatizwa mchezo.

Alimpigia mumewe simu, akaanza kumweleza yote, lami, darasa, mtoto. Mumewe hakumwacha amalize. Alimwuliza ana wazimu gani kuwapeleka watoto kwenye shimo. Arudi kwa dada yake leo hii. Hospitali iko pale, watakuwa karibu na daktari. Mama akasema sawa. Akafunga mizigo, akamuaga mkunga, ambaye hakumzuia wala hakumlaumu, ila aliwafungia watoto matunda ya njiani.

Gari lilisimama njia panda kusubiri abiria. Malori ya saruji yalikuwa yanapita pale moja baada ya jingine. Mama alifunga kioo, akaziba ufa kwa kanga. Kasuku alikuwa akihesabu malori kwa sauti na kuyapa majina. Kisha akaacha. Mama aligeuka na kukuta macho ya mtoto yanamtazama, makubwa, yametulia mno.

"Mama," alinong'ona, "kifua kinarudi."

Hakusema kwa kulia. Alisema kama mtu anayetangaza kuwasili kwa mgeni anayejulikana. Mama alishuka na watoto na mizigo, akampa inhela, akamwingiza ndani ya duka la karibu, akafunga milango, akamshikilia magotini mpaka pumzi ikarudi kidogo kidogo. Gari likaondoka. Mbele palikuwa na moshi, nyuma palikuwa na maji, na nyumbani palikuwa na mawe. Aliketi kati ya magunia ya mwenye duka, Bonge amelala juu ya mguu wake mmoja na Kasuku juu ya mwingine, akatamani mtu yeyote, hata adui, aje amwambie la kufanya. Hakuja mtu. Alipochoka kungoja, alitoka nje akasimamisha gari linalorudi kule walikotoka.

Mumewe alipoambiwa kwamba wamerudi kwa mkunga, alikata simu. Alipopata ruhusa, alikuja mwenyewe, bila taarifa, amekunja uso. Hakuingia hata ndani. Alikwenda moja kwa moja mwisho wa mtaa, akatazama chini, akarudi amejishika kichwa.

"Hapa ndipo ulipochagua? Kwa akili yako timamu?"

"Bahari naiona," mkewe alimjibu. "Ikija nitawashika mkono nisogee nao. Pumzi ikikatika, nitaishika wapi?"

Mumewe akainua sauti. Alifoka kwamba yeye anakula vumbi kutwa kwa ajili yao, na wao wanamjengea kaburi la maji. Hapo Kasuku akatokea kutoka shuleni, akamrukia, akamburuta mkono akimwonyesha mteremko wake. Wakapanda pamoja. Mtoto alifika juu akigeuka nyuma kumcheka. Baba alifika nusu, akasimama, akainama na kushika magoti. Alikohoa kwa muda mrefu. Mkewe alipomfikia na kumshika mgongo, aliusikia wazi, bila hata kuweka sikio: ule mluzi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Ni uchovu wa safari."

"Baba watoto, tangu lini?"

Alikaa chini mchangani akitazama upande mwingine. Mkewe alimlilia asirudi kule kwenye mawe. Lakini alirudi, kwa sababu walihitaji kula, na kwa sababu mwanamume aliyekwisha kufoka vile hakujua abaki vipi. Miezi iliyofuata mama aliishi akisikiliza vitu viwili, simu na mawimbi, na hakujua kipi kitaleta habari mbaya kwanza.

Yalitangulia mawimbi. Mvua zilipoanza, asubuhi moja ukuta wa jiko la mkunga uliondoka polepole, bila kelele kubwa, ukilala majini pamoja na rafu na sufuria. Mkunga alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Mama aliwatoa watoto, akamtoa na yule bibi, ambaye alikuwa akikataa kuacha kabati lake. Hakuwa na mkono wa tatu. Alimpigia mumewe akamwambia neno moja tu, njoo. Naye akaja, safari hii na masanduku yake ya vifaa.

Walihamia mtaa wa juu, nyumba ya mtu aliyekuwa ameondoka kwa hofu, wao na mkunga pamoja, kwa kuwa hawakuona namna ya kumwacha. Baba alipata kibarua cha kutengeneza mashine za barafu za wavuvi. Kifua chake hakikurudi kama zamani. Daktari alisema kitabaki hivyohivyo, au kitazidi. Kuna siku anakohoa, Kasuku anamfundisha jinsi ya kupumua, anampangia mikono magotini, anamwambia asiogope, baba, inapita.

Kutoka dirishani, kati yao na maji, ilibaki mitaa miwili.

Jumapili moja baba alisimama ndani na mbao za rafu begani na keekee mkononi, akiutazama ukuta. Alimwuliza mkewe kama kuna haja ya kuutoboa, au waviweke vitu sakafuni tu, kusudi siku ikifika wasichelewe kubeba. Mama alikuwa anamsuka mkunga nywele. Alifikiri, akamaliza msuko mmoja, akaufunga.

"Toboa," alisema. "Kaza vizuri. Bonge anapenda kudandia."