Fundo la Kushoto

Fimbo ya kwanza ilimwangusha Spesioza kifudifudi mbele ya bani la kukaushia tumbaku, vumbi likamjaa kinywani. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Fideli, mdogo wake, alisimama katika mstari wa sungusungu akisubiri zamu. Kwa desturi ya jeshi hilo la kijiji kila mmoja alipaswa kupiga, ili kesho asitokee wa kusema kwamba mkono wake haukuwamo.

Kilichomfichua Spesioza ni bidii yake mwenyewe. Wiki tatu alizojificha katika bani hilo la Fideli, tangu avuke mpaka kutoka Burundi, hakuweza kukaa bure. Alikuwa akifunga majani ya tumbaku kwenye fito kwa fundo linalozunguka kushoto mara mbili na kujimeza, ambalo hakuna mkulima wa Ulyankulu aliyelifunga. Kamanda Luhende, mtu wa tumbaku tangu ujana, alikuwa amepita asubuhi kuazima ufito mmoja tu, fundo likiwa bado juu yake.

"Mzee Fideli," alisema sasa, akiuzungusha ufito huo mkononi. "Raia wetu wa cheti. Huyu mama ni nani kwako?"

"Simjui, kamanda. Aliingia tu."

"Aliingia tu! Kama kuku!" Wanaume wakacheka. "Tangazo ulilisikia. Anayemficha mgeni asiye na kibali, cheti kinarudi, shamba linarudi, na yeye anarudi alikotoka."

Alikotoka. Fideli alitolewa huko mwaka sabini na mbili, mgongoni, hajajua kutembea. Mama yao alimwacha Spesioza kwa bibi kwa sababu mgongo ulikuwa mmoja. Sasa kaburi la mama lilikuwa nyuma ya bani hili hili. Flavia, mkewe Fideli, na watoto wao sita hawakuwa na nchi nyingine.

Spesioza aliinua uso, akasema neno kwa Kirundi.

"Amesema nini?"

"Anasema hanijui."

"Basi piga."

Akapiga. Fimbo ilitua begani kwa huruma, na Luhende akatikisa kichwa.

"Hiyo hata mbuzi hageuki. Sisi tulizaliwa raia, mzee wangu. Wewe inabidi uonyeshe."

Akapiga tena, akasikia mfupa. Ya tatu hakuamriwa na mtu. Spesioza hakulia. Alimtazama kwa macho ya mama yao, kisha akayafumba, asimwaibishe.

"Umeonyesha," Luhende akasema, akimpigapiga mgongoni. "Mfunge, tumpeleke kituoni."

Kituo kilikuwa mbali, kwa njia ile ya kale ambayo watu wamekuwa wakitembezwa wamefungwa tangu enzi za misafara ya watumwa. Fideli alipiga magoti. Bega la dada yake lilikuwa limeanza kuvimba. Alitaka kumaliza upesi kabla machozi hayajamtoka. Hakuvitazama vidole vyake, navyo, vilivyofundishwa na mama yao fundo la kwao aliloliacha zamani, havikumngoja. Kamba ilizunguka kushoto, mara mbili, ikajimeza.

Alipoinuka, kicheko kilikuwa kimekwisha.

Luhende alichuchumaa. Akaulaza ule ufito kando ya mikono ya Spesioza, akaliangalia fundo hili, akaliangalia lile, bila haraka, jinsi alivyozoea kukagua majani siku ya soko.

"Tobias," akamwambia mmoja wa sungusungu bila kuinua kichwa. "Lete kamba nyingine."