Kasuku wa Meza ya Simu

Kasuku alinyamaza katikati ya neno. Alikuwa anasoma jina la mgonjwa, akafika silabi ya pili, kisha kimya. Mama mdogo alitoa kisikizio sikioni, akakipuliza kama kimeingia vumbi, akakirudisha. Halafu akageuza uso upande aliojua nimesimama.

"Mwanangu, huyu amezimia au amekufa?"

Kasuku lilikuwa jina lake la utani kwa programu iliyomsomea maandishi ya kompyuta. Mama mdogo hakuwa na macho tangu utotoni, na ndiye aliyeshika simu za hospitali yetu. Mtu akipiga kuuliza habari za ndugu yake, mama mdogo aliandika jina, Kasuku akamsomea wodi na hali, naye akajibu kabla mpigaji hajamaliza kusalimia. Alimzoesha kusema kasi kiasi kwamba sisi wengine tulisikia mvumo wa nyuki tu.

Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta hapo hapo. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka kuboresha mfumo wa seva, ile kompyuta kubwa iliyobeba meza zote, kwa sababu maabara ilipata programu mpya na programu hiyo haikukubali mfumo wa zamani. Nilipofungua kumbukumbu za hitilafu, sikuchukua muda kuelewa. Kuna kazi ambazo kila programu inazihitaji, kama kupanga herufi au kutambua jina, na badala ya kila moja kubeba zake, huwekwa mahali pamoja zote zikachota humo. Sisi mafundi tunapaita maktaba, ingawa hapana kitabu hata kimoja. Mfumo mpya ulikuja na toleo jipya la maktaba na kulifuta la zamani. Maabara ilitaka jipya. Kasuku alijua la zamani tu, na aliyemtengeneza alishaacha kazi hiyo, hata barua pepe hajibu.

Nilikuwa nimeshashika kibodi nirudishe kila kitu kilivyokuwa, mtaalamu wa maabara akaingia anahema, glavu bado mkononi.

"Dada, nimesikia simu zimekwama. Tafadhali usirudishe kitu. Kuna mama amejifungua sasa hivi, damu haikatiki. Hiyo programu ndiyo inanilinganishia damu."

Nikaondoa mkono. Mama mdogo alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwetu, na masikio yake hayakuwahi kupitwa na jambo.

Mganga mkuu aliitwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka. Alinisikiliza akiwa amesimama, akatikisa kichwa.

"Maabara kwanza. Hapo kwenye simu tutaweka mtu anayeona. Yeye tutamtafutia kitu kingine."

"Kitu gani, daktari?" mama mdogo akauliza.

"Tutaangalia."

"Haya. Mkishaona mtaniambia."

Mganga mkuu akakohoa, akatoka. Simu ikaita. Mama mdogo akapokea, nami nikamsikia akisema, "Subiri, usikate." Akauweka mkono wa simu juu ya meza taratibu, akachukua fimbo yake, akashika njia ya korido. Nikamfuata, lakini hakutaka kushikwa mkono. Alikwenda mpaka wodi ya wazazi, akamuuliza muuguzi jambo kwa sauti ya chini, akasimama akisubiri jibu, akarudi kwa mwendo ule ule. Aliponyanyua simu, mpigaji alikuwa bado yupo.

"Baba, mkeo ametiwa damu. Amefumbua macho na ameomba maji. Mtoto ni wa kike." Akasikiliza. "Lia tu, baba. Hakuna anayekuona, hata mimi."

Alipoweka simu chini aliniambia nisiiguse maktaba ya maabara. Alisema kama anayeniagiza chumvi dukani. Kisha akavuta mto wa kiti chake, ule aliousuka mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa, akaukunja na kuutia kwenye mkoba.

Huyu ndiye aliyenilea. Nilipokuwa nasoma, mshahara wa simu hizo ndio ulionivisha viatu. Nilitamani angalau apige kelele, anilaumu, lakini wapi. Jioni akala, akaulizia habari za majirani, akalala.

Kesho yake alikaa nyumbani. Mezani aliwekwa karani mwenye macho yake mawili, akawa anapeleka simu za wodi ya watoto jikoni.

Nilichukua kompyuta moja mbovu kutoka stoo, nikaifufua, nikaiwekea mfumo mpya kama wa seva, ili nikiharibu niharibu pembeni. Nikamtengea Kasuku mahali pake peke yake, nikaweka humo nakala ya maktaba ya zamani, nikamwelekeza yeye tu achote huko, wengine wasiione. Hakuamka. Ile maktaba ya zamani nayo ilitegemea nyingine ya zamani zaidi, na hiyo nyingine ilikuwa na yake. Kila niliyemshibisha alizuka mwenziwe na njaa. Mtaalamu wa maabara alikuwa akipita mlangoni, haulizi kitu, ananiachia chai na kuondoka. Wiki ikaisha hivyo. Nyingine ilipofika katikati, spika ikakoroma, ikataja jina langu, ikalikosea.

Niliihamishia kazi hiyo kwenye seva mtaalamu akiwa amesimama kando yangu, anajaribu vipimo vyake kimoja kimoja. Vyote vilipita. Nikampigia mama mdogo.

Alikuja na mkoba, akatandika mto, akavaa kisikizio. Aliandika jina la mtu, akasikiliza, akakunja uso.

"Ana mafua."

"Ni sauti imebadilika kidogo, mama. Sikuweza zaidi ya hapo."

"Mafua si ugonjwa," akasema, akaongeza kasi mpaka nyuki wakarudi. Simu ikaita, akapokea. Mganga mkuu alipita baadaye, akasimama mlangoni, akamsalimia kwa heshima zote. Mama mdogo aliinua kidole kumwambia angoje, alikuwa na mtu kwenye laini.

Alishika simu hizo miaka mingi baada ya hapo. Kila nilipoboresha mfumo nilianza na kona ya Kasuku ndipo niende kwingine, na mara mbili tatu almanusura anishinde. Mama mdogo alipostaafu, meza ilichukuliwa na binti anayesoma kwa macho. Maktaba ya zamani isiyotunzwa na mtu ni mlango usio na kitasa. Mwizi yeyote wa mitandao anaweza kuingilia hapo. Kwa hiyo niliifuta, na Kasuku pamoja nayo, nikahakikisha maabara haikutikisika, nikazima taa ya chumba cha seva.

Nilipitia nyumbani kwake kumwambia. Alikuwa kibarazani, redio imewashwa kwa sauti ndogo.

"Nimemfuta Kasuku leo, mama."

Alimwacha mtangazaji amalize sentensi yake.

"Vizuri," akasema. "Umekula?"